Kete na Padi

Katika Ngamiani, mjini Tanga, ambako barabara zimepewa nambari badala ya majina na hapotei mgeni ila asiyejua kuhesabu, yapo mabaraza mawili yanayotazamana. La kwanza ni kibaraza cha saruji chini ya mwarobaini, wanapokutana wazee kila siku baada ya sala ya alasiri, wakaweka bao katikati yao, wakawa hawainuki ila kwa adhana ya magharibi. La pili ni banda la mabati lenye pazia jeusi mlangoni, ambalo ndani yake mna televisheni nne, mashine nne za PlayStation, mabenchi matatu ya mbao, feni moja yenye kelele nyingi kuliko upepo, na vijana wasiopungua ishirini, wanane wameshika padi na waliosalia wameshika zamu. Baina ya mabaraza hayo pana njia ya mchanga isiyozidi hatua kumi, lakini ukiwasikiliza wakazi wa mtaa utadhani pana bahari: ng'ambo moja hekima, ng'ambo ya pili maangamizi.

Aliyenitia katika shughuli ya makala haya ni jirani yangu, mama wa watoto watatu, ambaye alinijia asubuhi ya Jumamosi nikiwa kibarazani na kikombe cha kahawa, akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, na kabla hajaketi akasema, "Mwalimu, wewe umesomesha watoto wa mji huu miaka thelathini. Niambie leo: haya magemu ni kheri au ni shari? Mwanangu hali akashiba, halali akapumzika, na akiitwa haitiki. Wenzangu wanasema amerogwa na kile kisanduku cha bandani." Nikamwambia, "Mwanangu, nipe siku saba." Akacheka, akasema kwamba fatwa ya mwalimu huchelewa kuliko ya kadhi, akaenda zake sokoni.

Siku saba hazikutosha, zikawa thelathini. Na jambo la kwanza nililolibaini ni kwamba swali lake ni kongwe kuliko umeme. Shataranji ilipotoka Bara Hindi ikapita Uajemi na kuingia katika miji ya Waarabu, wanazuoni walilipima suala hili kwa karne kadhaa, na hoja zao zinastahili kusikilizwa hata leo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, shataranji imehesabiwa kuwa makruhu, yaani jambo lichukizalo lisilofikia haramu, maadamu haina kamari ndani yake wala haimpitishii mtu wakati wa sala. Ilhali nardi, mchezo unaoendeshwa na dadu, ulihukumiwa kwa ukali zaidi. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyevuka bahari hii ya Zanji katika karne ya 10, ameizungumza michezo yote miwili katika kitabu chake Muruj adh-Dhahab, akanakili kauli ya kwamba mwenye kubuni shataranji alikuwa mtu wa kuamini hiari ya mwanadamu, na mwenye kubuni nardi alikuwa mtu wa kuamini kuwa kila kitu kimekwisha kuandikwa. Naye Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, mtu ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kwa upuuzi, alishauri katika Ihya Ulum ad-Din kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mzuri ili apumzike na taabu ya masomo, kwani kumnyima mchezo na kumlemea kwa elimu pasi na kikomo huufisha moyo wake na kuidumaza akili yake. Nilipomsimulia jirani yangu maneno hayo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Ghazali alijaaliwa watoto wa kiume. Waandishi wa habari zake wanasema aliacha mabinti tu. Sikumwambia.

Wala hofu hii si ya Waislamu peke yao. Mwezi wa Januari 1942, Meya Fiorello La Guardia wa New York alipiga marufuku pinboli, ile mashine ya kurusha mpira wa chuma kwa springi ukagonga vigingi na kuzitia taa moto, akapigwa picha akiwa ameshika nyundo kubwa mbele ya mashine zilizokamatwa, kwa hoja kwamba ule ulikuwa ni kamari iliyojificha, yenye kuchopoa senti katika mifuko ya watoto wa shule. Marufuku hiyo ilidumu miaka 34. Mwaka 1976 kijana mmoja mwandishi, Roger Sharpe, aliitwa mbele ya wajumbe wa baraza la mji athibitishe kuwa mchezo ule ni wa ustadi wala si wa bahati. Akasimama mbele ya mashine, akatangaza kabla ya kuurusha mpira ni njia gani utapita, akaurusha, nao ukapita njia ileile. Wajumbe wakaridhika. Mimi nimekipenda kisa hiki kwa sababu baina ya mafakihi wa Shafii na madiwani wa New York pana karne nyingi na bahari mbili, na mizani waliyoitumia ni moja: walitazama kama kinachoongoza mkono ni akili ya mchezaji au ni bahati iliyotegewa fedha.

Kwa hiyo michezo ya kioo ilipozaliwa, tuhuma zilikuwa zimekwisha kuisubiri. Pong ya kampuni ya Atari, iliyotoka mwaka 1972, ilikuwa vijiti viwili na nukta moja tu; Space Invaders ya Mjapani Tomohiro Nishikado ikafuata mwaka 1978; na mwaka 1984 Alexey Pajitnov, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo cha Sayansi cha Kisovieti mjini Moscow, akabuni Tetris, mchezo wa kupanga matofali yanayoanguka, ambao hauna mfalme wa kuokolewa, hauna adui wa kuuawa, na, kama ilivyodhaniwa kwa muda mrefu, hauna mwisho. Nasema kama ilivyodhaniwa, kwa kuwa mwishoni mwa mwaka 2023 mvulana wa Kimarekani wa miaka 13 aliucheza Tetris wa mashine ya zamani ya Nintendo akaenda nao mpaka mashine ikashindwa kuendelea, matofali yakaganda kiooni, naye akabaki ameshika kichwa kwa furaha na mshangao. Msomaji na aliweke kando jambo hili la mwisho wa mchezo, maana nitalirudia. Kwangu ndilo shina la hoja yote.

Juu ya damu na mapigano sitakaa sana, ijapokuwa ndiyo tuhuma inayopigiwa kelele kuliko zote. Mwaka 1993 Maseneta wa Marekani waliketi kuuhoji mchezo wa Mortal Kombat, ambamo mshindi huweza kumng'oa mshindwa moyo, na mwaka uliofuata wenye viwanda wakaanzisha utaratibu wa kuandika juu ya kila kasha umri unaofaa. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua, kwa kura saba dhidi ya mbili, sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto michezo ya mapigano. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwachunguza vijana wa Uingereza wapatao 1,000 wenye umri wa miaka 14 na 15, wakawauliza wazazi juu ya tabia zao, wasione uhusiano baina ya kucheza michezo ya namna hiyo na ukorofi. Haimaanishi kwamba kumwonyesha mtoto wa miaka saba kichwa kinachokatwa ni malezi. Adabu ina sheria zake zisizongoja utafiti. Lakini mwenye kudai kuwa padi humgeuza mtoto mpole kuwa muuaji ameambiwa alete ushahidi tangu zamani, na ushahidi alioleta ni haba.

Upande wa manufaa nao una watetezi wanaozidisha chumvi. Hutajwa mara nyingi uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 na Daktari James Rosser wa New York, ambaye aliwapima madaktari wa upasuaji 33 katika ile kazi ya kupasua kwa tundu dogo huku daktari akitazama televisheni, akakuta kwamba waliowahi kucheza michezo ya kioo zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 kuliko wasiowahi kucheza kabisa. Ni habari njema, na kijana wa jirani yangu ameishika kama hirizi. Walakini mtu mwenye insafu atauliza kama ni mchezo uliowapa wale madaktari mikono myepesi, au ni wepesi wa mikono yao uliowavuta mchezoni tangu utotoni. Kinachonishawishi zaidi ni habari ya Foldit, mchezo uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Washington, ambamo wachezaji hushindana kukunja umbo la protini. Mwaka 2011 wachezaji hao, wengi wao wakiwa si wataalamu wa baiolojia hata kidogo, walilifumbua kwa wiki tatu umbo la kimeng'enya cha kirusi kiletacho kwa nyani ugonjwa ulio ndugu wa UKIMWI, fumbo lililokuwa limewashinda wanasayansi kwa zaidi ya miaka kumi. Hapo mchezo haukuwa mapumziko baada ya kazi. Ulikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Hata hivyo, mtu hawezi kuhukumu Ngamiani kwa kutumia New York, nami nikaona haya kuandika juu ya banda nisilowahi kuingia. Nikainua pazia. Vijana wakanyamaza kama wanafunzi waliofumaniwa, na mmoja, niliyemfundisha Hesabu miaka ile, akaninyanyukia benchini akisema, "Mwalimu, karibu, utashika padi?" Nikasema nitatazama kwanza. Nilitazama alasiri tatu.

Niliyoyaona ni haya. Mchezo unaopendwa ni wa kandanda, ule uliokuwa ukiitwa FIFA mpaka mwaka 2023, watengenezaji wake walipoachana na jina hilo, ingawa bandani hakuna aliyearifiwa na wote wanaendelea kuuita FIFA. Mechi ni fupi, hulipiwa kwa sarafu, na kanuni ni moja isiyo na rufaa: aliyefungwa anatoka. Hutoka akiwa amenuna, akilaumu padi kwamba kitufe chake kimelegea, lakini hutoka, kwa kuwa nyuma yake wamesimama watatu wanaoihesabu zamu kwa vidole. Kwa hiyo katika saa mbili za kukaa bandani, kijana aghalabu huwa ameshika padi nusu saa, na saa moja na nusu amekuwa akibishana, akicheka, akimfundisha mdogo wake namna ya kupiga pasi ya kupenyeza, na akisikiliza habari za mtaa. Mwenye banda, kijana aliyejifunza ufundi wa vyombo vya umeme kwa kufungua vilivyokufa, amebandika karatasi ya kukataza wanafunzi saa za masomo. Sitasema kuwa karatasi hiyo inatiiwa siku zote. Wala sitaficha kwamba niliona soda ikiwekewa dau, na mara moja fedha, na kwamba yupo mtoto ambaye chenji ya unga wa nyumbani kwao imekwisha kuingia katika kopo la mwenye banda. Mambo hayo yana dawa yake ya kale, nayo ni mzazi kuvuka njia.

Nikitoka bandani nilikuwa nikivuka kwenda baoni, na hapo ndipo ulipoanza kunijia mfanano ambao wazee waliukataa kwa ghadhabu. Bao lina mashimo 32 na kete 64; kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa nyumbani, na 22 mkononi, ambazo hunamua, yaani huziingiza ubaoni, moja moja mpaka ziishe, ndipo aingie mtaji, yaani acheze kwa zilizo ubaoni tu. Ni mchezo wa fikra ndefu, kiasi kwamba Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alikuja Unguja kuwachunguza mafundi wake, akatoa kitabu juu yao mwaka 1995 kutaka kujua akili ya mwanadamu inafika wapi. Lakini bao halikuwa na sifa hii njema siku zote majumbani mwetu. Ami yangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuachwa na jahazi la kwenda Pemba, na magunia yake ya mchele yakiwa tayari yamepakiwa, kwa sababu ya mtaji mmoja aliotaka kuumalizia. Na mkewe, aliyeukosa mchele na mume kwa siku tatu, alilitamkia bao maneno ambayo jirani yangu leo anayatamka juu ya padi, hata ile hoja ya kurogwa. Tofauti niliyoiona baina ya mabaraza mawili ni kelele na umri. Pande zote mbili huketi watu wanaoonana uso kwa uso, mchezo una kanuni zinazojulikana, mshindwa huaibika kidogo akainuka, na usiku ukiingia mambo huisha.

Basi mtoto wa jirani yangu aliyerogwa, karogewa wapi? Nilimwita, akaja, kijana wa miaka kumi na minne mwenye heshima na macho mekundu, nami nikamuuliza bila hasira hulala saa ngapi. Akatazama chini. Nikamuuliza banda hufungwa saa ngapi. Akasema saa mbili usiku. Ndipo akachomoa simu mfukoni, simu ya mama yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni, akanionyesha Free Fire.

Katika mchezo huo watu hamsini hushuka kwa miavuli katika kisiwa kimoja, wakaokota silaha, wakawindana huku uwanja ukizidi kufinyika, hata asalie mmoja au kundi moja. Duru moja huchukua kama dakika kumi, nami nikadhani, kwa ushamba wangu, kwamba hii nayo ina mwisho kama mechi ya bandani. Kijana akanielewesha kwa subira aliyopaswa kuwa nayo mwalimu wake. Duru huisha, mchezo hauishi. Ukifungua leo utapewa zawadi, na usipofungua kesho zawadi ya kesho itapita. Ziko kazi za siku, ziko kazi za wiki, uko msimu wenye vyeo ambao ukifungwa cheo chako hushuka nawe ukaanza tena kupanda. Na ziko almasi, zinunuliwazo kwa fedha za kweli zilizotumwa kwa simu, za kumvika mchezaji wako nguo ambayo haimzidishii nguvu wala haimkingi na risasi, ila huwafanya wenzake wamwone. Wenzake wale wako Nairobi, wako Mwanza, wako asikokujua. Nao hawalali, kwa maana kila mmoja wao anadhani wengine ndio wasiolala. Bandani pana mtu wa kusema, "Haya, toka, zamu yangu." Ndani ya shuka hakuna.

Nilianza kufuatilia namna michezo hii inavyoundwa, nikatambua kwamba mfanyabiashara amebadili bidhaa. Wa zamani aliuza mchezo katika kasha: ukiununua, amekwisha kulipwa, na ukiuchoka au ukiumaliza yeye hana hasara. Wa sasa huutoa mchezo bure, na riziki yake yote iko katika kurudi kwako. Candy Crush Saga, uliotoka mwaka 2012 na kuenea hata kwa mabibi wasiowahi kushika padi, ni mchezo wa kupanga peremende zenye rangi, wa kitoto kabisa kuutazama. Lakini mchezaji hupewa mioyo mitano, na kila akishindwa moyo mmoja hutoweka, na ikiisha yote hana budi kungoja nusu saa moyo mmoja urudi, au alipe asingoje. Tafakari ustadi wa jambo hilo! Saa ambayo mafakihi walitaka iwe mkononi mwa mchezaji, ili ajue sala inamwita, imechukuliwa ikatiwa mkononi mwa muuzaji, naye anaiuza nusu saa nusu saa.

Walio wakubwa wameanza kulishitukia jambo hili. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba yale makasha ya bahati yauzwayo ndani ya michezo, ambayo mtoto hulipia bila kujua ndani mna nini, ni kamari kwa mujibu wa sheria zake, ikayakataza. Mwezi wa Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 ili kumaliza mashtaka ya Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani. Milioni 275 kwa kukusanya habari za watoto kinyume cha sheria, na milioni 245 za kuwarejeshea wateja waliojikuta wamenunua vitu wasivyokusudia kwa sababu vitufe vilipangwa viwaponze. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kuitambua sura hii. Zile mashine za dubwi zilizotapakaa katika maduka ya vijijini, zinazomeza sarafu za wakulima kwa taa na muziki, zinafanya hadharani kazi ambayo kasha la bahati hufanya kwa siri. Na laiti Meya La Guardia angefufuka, nyundo yake angeipeleka huko, wala asingelitazama banda la mtaa wetu mara ya pili.

Kuhusu maradhi, ni vyema kusema kwa uangalifu. Mwezi wa Mei 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, ambamo uraibu wa michezo ya kioo umetajwa kwa mara ya kwanza. Lakini masharti yake ni mazito: mtu awe ameshindwa kujizuia, awe ameutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na awe anaendelea ijapokuwa anaona madhara, na hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu miezi kumi na miwili. Mtoto anayenuna akinyang'anywa simu si mgonjwa, ni mtoto. Mtoto wa jirani yangu, kwa kadiri nilivyomwona, hakuwa mgonjwa bali alikuwa na usingizi. Mwezi mzima nilitafuta kilichoibwa katika nyumba ile, na kila nilipopekua nilikuta ni usingizi: kutokula vizuri kulitokana na kuukosa, na kutoitika kulitokana na kuukosa, kwa kuwa asiyelala usiku huwa amelala mchana na macho wazi.

Serikali za mbali zimejaribu kuurejesha usingizi huo kwa amri. Korea ya Kusini iliweka sheria mwaka 2011 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakajiandikisha kwa nambari za wazazi wao, na sheria ikaondolewa ilipoingia 2022. China ilikaza zaidi mwaka 2021: walio chini ya miaka 18 wakaachiwa saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili na za sikukuu. Sizibezi amri hizo, ila naona kwamba mkono wa serikali, hata uwe mrefu namna gani, hufika mlangoni. Godoro ni mamlaka ya mzazi.

Nami sitaki nionekane kuwa namkatia tamaa kila kijana mwenye kushika padi. Jirani zetu wa Kenya wanaye Sylvia Gathoni, ajulikanaye mchezoni kwa jina la QueenArrow, bingwa wa mchezo wa ngumi uitwao Tekken, aliyesajiliwa na timu ya nje ya nchi mwaka 2018 na kuwatetea wanawake katika uwanja ambao wanaume waliudhani ni wao. Katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou mwaka 2023 wachezaji wa namna yake walivikwa medali sawasawa na wakimbiaji. Lakini nilipomwambia jirani yangu hayo alinijibu kwamba hata mpira wa miguu una mabingwa, na kwa kila bingwa mmoja pana wavulana elfu waliofeli Hisabati. Ni kweli, nami kama mwalimu wa somo hilo nilikaa kimya.

Siku ya hukumu ikafika. Nikamwambia, "Mwanangu, banda mwachie, ila ujue amekwenda na shilingi ngapi, na siku moja moja uinue pazia. Simu mnyang'anye saa tatu usiku, iwe chumbani kwako mpaka kuche." Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, mwenye banda amekuhonga nini?" Nikaapa kwamba sijapokea hata soda. Kwa kweli nilicheza mechi moja ya bure, nikafungwa mabao saba kwa bila na mtoto wa darasa la tano, nikatoka kama kanuni inavyotaka. Lakini hilo sikuona kuwa ni hongo.

Akafuata shauri. Wiki mbili baadaye kijana nilimwona barazani kwa wazee, amechuchumaa nyuma ya ubao, akihesabu kete za mtaji kwa midomo kabla mchezaji hajazisogeza, na mzee mmoja akimkemea asimfichulie mwenziwe. Macho yake yalikuwa meupe.

Ya mama yake hayakuwa. Alinijia Jumapili asubuhi, akanipa shikamoo kwa sauti ya mtu ambaye hakulala, akachomoa ile simu yenye kioo kilichopasuka, akaniwekea mbele. Zilikuwa peremende, nyekundu na kijani na buluu, safu kwa safu, na juu yake moyo mtupu wenye tarakimu zinazorudi nyuma.

"Mwalimu," akasema, "hebu nitazamie hapa. Yanisubirisha dakika ishirini na nane. Hakuna namna ya kuifanya iende upesi?"